Ukikaa kwenye Kiti cha Antonov: Ndege za Kirusi Zinavyomlazimisha Rubani Kujifunza Upya

Rubani aliyefunzwa kwa Cessna, kisha akapanda hadi Boeing, siku anayoingia kwenye chumba cha rubani cha Antonov An-26, ndege ya mizigo ya injini mbili, macho yake hukutana kwanza na rangi: kijani-buluu kila mahali, na vifeni vidogo vya mpira vya kuwapepea marubani. Halafu anaona swichi. Upande mmoja imeandikwa ВКЛ, upande wa pili ВЫКЛ. Ya kwanza ni kuwasha, ya pili ni kuzima, na kinachozitofautisha ni herufi moja tu iliyochomekwa katikati.

Maneno hayo si kazi kubwa. ПОЖАР ni moto, ОТКАЗ ni hitilafu, ШАССИ ni magurudumu, ЗАКРЫЛКИ ni flapu, ТОПЛИВО ni mafuta. Ukiyaandika kwenye karatasi na kuyarudia, baada ya wiki moja unayasoma bila kufikiri. Kinachochukua miezi ni kuzoea namna ndege yenyewe ilivyofikiriwa: nani afanye nini, kimo kihesabiwe kuanzia wapi, geji ikuonyeshe dunia au ikuonyeshe ndege.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu jina. Huku kwetu tunasema "ndege za Kirusi" kwa kila kilichotoka Umoja wa Kisovieti. Ofisi ya usanifu ya Antonov ipo Kyiv, Ukraine. An-2 nyingi ziliundwa Mielec, Poland. Il-76, ndege kubwa ya mizigo, ilisanifiwa Moscow, lakini kwa miaka mingi kiwanda chake kilikuwa Tashkent, Uzbekistan. Utawanyiko huo una maana kubwa kwa mwenye ndege, na tutaurudia tukifika kwenye makaratasi.

Watu watano, kazi tano

An-26 ilisanifiwa kwa rubani mkuu, rubani msaidizi, navigeta, injinia wa ndege na opereta wa redio. Kwenye Il-76 navigeta hata hakai na wenzake: yuko chini, kwenye pua ya vioo, akitazama ardhi chini ya miguu ya marubani. Ukiwaongeza wasimamizi wa mizigo, Il-76 inafika watu saba kirahisi.

Rubani wa Magharibi hudhani huo ni ushamba wa teknolojia ya zamani. Jifya moja haliinjiki chungu, na hapa chungu kimegawanywa makusudi. Navigeta anahesabu njia, upepo na mahali pa kuanza kushuka. Injinia anaziangalia injini na kuzishughulikia kwa amri ya rubani mkuu. Marubani wanaendesha. Katika ndege za Magharibi za watu wawili, kazi za wale watatu walioondolewa zilihamia kwenye kompyuta, taa za tahadhari na ving'ora. Ukimwondoa navigeta kwenye An-26 ili kuokoa mshahara wake, hakuna kifaa kilichokuja kuchukua nafasi yake. Kazi yake inabaki hewani, na mara nyingi inadondokea kwa rubani msaidizi wakati wa kukaribia uwanja, ambao ndio wakati mbaya kuliko wote.

Mgawanyo huo nao una udhaifu wake. Tarehe 12 Novemba 1996, karibu na Charkhi Dadri nchini India, Il-76 ya Kazakhstan iligongana na Boeing 747 ya Saudia na watu 349 wakafa. Il-76 iliruhusiwa kushuka hadi futi 15,000 ikapitiliza kuelekea 14,000, kimo cha ile 747 iliyokuwa ikija upande wa pili. Aliyekuwa akiongea na mwongoza ndege kwa Kiingereza alikuwa opereta wa redio, na hakuwa na altimita (kipima kimo) yake. Ilibidi achungulie za marubani. Mtu mmoja anayejua kilichoamriwa, mwingine ameshika usukani, na geji ya kimo haiko mbele ya aliyepokea amri.

Kanuni inayosaidia ni hii: kila kimo kinachopokewa redioni kirudiwe kwa sauti na mtu aliyeshika usukani, kwa mita na kwa futi, kabla mkono haujagusa kitu.

Mita, milimita na sifuri iliyo mahali pengine

Altimita ya Kisovieti inasoma mita, geji ya mwendo inasoma kilomita kwa saa, na geji ya kupanda na kushuka inasoma mita kwa sekunde. Kugeuza vipimo kuna njia za mkato. Mita 1 kwa sekunde ni karibu futi 200 kwa dakika. Kilomita kwa saa zigawe kwa mbili, kisha ongeza asilimia 8 ya jibu: 300 inakuwa 150, ongeza 12, ni noti (maili za baharini kwa saa) 162. Ukishuka kwa mteremko wa nyuzi 3 na mwendo wa kilomita 270 kwa saa juu ya ardhi, sindano isome karibu mita 4 kwa sekunde.

Hesabu si tatizo kubwa. Tatizo ni sifuri. Kwa desturi ya Magharibi, altimita hurekebishwa ili isome kimo juu ya usawa wa bahari. Ukiwa umesimama uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, inasoma karibu futi 5,330. Kwa desturi ya Kisovieti, wakati wa kutua altimita huwekwa mgandamizo wa uwanja wenyewe, kwa milimita za zebaki, ili magurudumu yakigusa lami sindano iwe sifuri. Ni mpango mzuri kwa nchi tambarare: unajua kila sekunde umebakiza mita ngapi. Lakini Nairobi ipo mita 1,624 juu ya bahari, na katika hewa ya wastani ya vitabu mgandamizo wake ni milimita 625 hivi, wakati usawa wa bahari ni 760. Altimita nyingi za Magharibi, dirisha lao dogo la mgandamizo halishuki hadi huko hata ukizungusha kifundo mpaka mwisho.

Kinachoua ni kuchanganya. Navigeta anaandika kimo cha kukaribia kuanzia uwanjani, rubani anaweka mgandamizo wa usawa wa bahari, na ndege nzima inaamini iko juu kuliko ilivyo, kwa tofauti inayolingana na mwinuko wa uwanja. Ndiyo maana wanaojua kazi hii huandika kwenye karatasi ya kushukia namba mbili pamoja, kimo juu ya bahari na kimo juu ya uwanja, na wanaikagua altimita dhidi ya altimita redio, inayopima umbali hadi ardhini kwa mawimbi ya redio, wanapofika kimo walichokubaliana. Urusi yenyewe ilihamia futi kwa safari za juu tarehe 17 Novemba 2011. Chini, viwanja vingi viliendelea na mita kwa miaka kadhaa baadaye.

Geji inayopinda upande usiotarajia

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana ndipo mazoea yana taabu kweli.

Geji ya upeo inamwambia rubani aliye ndani ya wingu kama mabawa yake yamelala sawa. Ya Magharibi inafanya kama dirisha: kialama cha ndege kimekazwa katikati, na mstari wa upeo ndio unaopinda nyuma yake. Ndege ikilalia kulia, unaona mstari umeshuka upande wa kushoto, vilevile kama ungetazama nje. Ya Kisovieti, mfano AGB-3 iliyo kwenye helikopta za Mi-8, inafanya kama mtu aliyesimama nyuma ya ndege na kuitazama: mstari wa upeo haupindi, na kialama cha ndege ndicho kinacholala. Ndege ikilalia kulia, bawa la kulia la kialama linashuka.

Zote mbili ni za kweli, na kila moja ina wanaoitetea. Mgeni kabisa wa urubani mara nyingi huielewa ile ya Kisovieti haraka zaidi. Shida ni mtu aliyezoea moja kuwekwa mbele ya nyingine, usiku, amechoka, na ndege imeshalala bila yeye kuhisi.

Chukua ndege imelalia kulia, geji ni ya Magharibi, na rubani alilelewa kwa ya Kisovieti. Anachokiona ni mstari ulioshuka upande wa kushoto. Kichwa chake cha zamani kinausoma mstari huo kana kwamba ni mabawa: bawa la kushoto limeshuka. Mkono unaenda kulia kurekebisha. Ndege inalala kulia zaidi, mstari unazidi kushuka kushoto, na mkono unazidi kwenda kulia. Ndani ya sekunde chache ndege iko kwenye mzunguko wa kushuka ambao hauna tena kimo cha kutokea.

Mchanganyiko huu umeandikwa kwenye ripoti za ajali. Tarehe 10 Januari 2000, Saab 340 ya Crossair ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Zürich, na watu wote 10 walikufa. Rubani mkuu alikuwa Mmoldova aliyekulia kwenye ndege za Kisovieti, na ndege ilizidi kulalia kulia ilhali ilitakiwa kwenda kushoto. Tarehe 14 Septemba 2008, Boeing 737 ya Aeroflot-Nord ilianguka Perm, Urusi, ikiwa na watu 88. Wachunguzi walitaja sababu nyingine pia katika ajali zote mbili, lakini tofauti ya geji ilikuwemo.

Anayehama kutoka Magharibi kwenda Kisovieti yuko kwenye hatari ileile, imegeuzwa tu. Dawa haitoshi kuwa "kumbuka kwamba ni tofauti", maana kwenye taharuki mtu hakumbuki. Mazoezi yanayosaidia yako hivi: funika dirisha, mwache mwalimu alaze ndege huku umefumba macho, fumbua, na kabla hujagusa usukani sema kwa sauti "kulia" au "kushoto". Thibitisha kwa dira: namba zikiongezeka unageuka kulia, zikipungua unageuka kushoto, na hilo halibadiliki kwa Mrusi wala kwa Mmarekani. Ndipo uurudishe usukani. Ukikosea mara moja kati ya ishirini, bado hujawa tayari kuruka mawinguni.

Pangaboi linalogeuka breki

An-26 ina injini mbili za AI-24VT, kila moja nguvu farasi 2,820. Ni injini za mhimili mmoja: kompresa, turbini na pangaboi vyote vimefungwa kwenye mhimili uleule, nao unazunguka kwa kasi ileile karibu safari nzima. Mkono wa nguvu hauongezi mizunguko. Unaongeza mafuta, na pangaboi linageuza pembe ya mabapa yake ili kuila nguvu hiyo.

Uzuri wake ni kwamba ukisukuma mkono, nguvu inakuja papo hapo. Ubaya wake unaonekana ukiurudisha nyuma kupita kiasi ungali na mwendo mkubwa: sasa hewa ndiyo inayolizungusha pangaboi, na pangaboi linaiburuta injini. Kile kilichokuwa kikivuta kinakuwa breki ya duara lenye kipenyo cha karibu mita 4, na kama ni upande mmoja tu, ndege inageuzwa kwa nguvu ambayo usukani wa mkia unaweza kushindwa kuizuia.

Kwa hiyo kuna alama ya chini kabisa ambayo mkono wa nguvu hauruhusiwi kupita ukiwa angani, na haikai mahali pamoja siku zote. Inawekwa kwa jedwali, kufuatana na joto la hewa. Rubani aliyetoka Magharibi huzoea kuvuta mpaka inapogota. Hapa anayefanya hivyo bila kusoma jedwali anaomba matatizo. Kisha kuna kizuizi cha mabapa, ambacho kinayazuia yasilale bapa. Kinatolewa baada ya magurudumu kugusa ardhi, kwa amri ya rubani mkuu, ili pangaboi lisaidie kusimamisha ndege. Kikitolewa sekunde tano kabla, ndege inaanguka kama jiwe kwenye ukingo wa uwanja. Injini ikifa, mfumo wa kujiendesha unayageuza mabapa yaikate hewa kama kisu. Usipofanya kazi, kuna kitufe, na mkono wa injinia unatakiwa uwe tayari karibu nacho wakati wote wa kuruka.

Ndani ya kiota cha injini ya kulia kumejificha injini ya tatu, jeti ndogo ya RU-19A-300 yenye msukumo wa kilo 800. Wageni wengi hawajui ipo hadi waisikie. Ndege ikiwa ardhini, inatoa umeme wa kuwashia injini kubwa, kwa hiyo ndege inajitegemea kwenye kiwanja cha porini kisicho na hata jenereta. Kwenye kuruka inasaidia kusukuma. Wapo wanaoiacha imezimwa ili kuokoa mafuta. Kwenye uwanja wa pwani wenye njia ndefu, pengine wanaponea. Kwenye nyanda za juu, kilo hizo 800 ndizo tofauti ya kupanda na kutopanda baada ya injini moja kufa.

Goma saa nane mchana

Uwanja wa Goma uko karibu mita 1,550 juu ya bahari. Joto la kawaida la kimo hicho kwa vitabu ni nyuzi 5. Mchana wenye nyuzi 26, umezidi kwa 21, na kila nyuzi moja ya ziada inaongeza mita 36 hivi kwenye kimo ambacho injini na mabawa "vinahisi". Jumla inakaribia mita 2,300. Lami ipo Goma, ila ndege inapumua hewa ya mlimani. Ongeza kwamba lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika sehemu ya njia ya kurukia, na kwa miaka mingi marubani walifanya kazi na kipande kilichobaki.

Sasa mizani. An-26 tupu ina karibu tani 15, na uzito wa juu wa kuruka ni tani 24. Zinabaki tani 9 za wafanyakazi, mafuta na mzigo. Matangi yakijaa ni tani 5.5. Mzigo wa juu kabisa ni tani 5.5 pia. Hesabu inakataa: vyote viwili haviingii. Ukijaza matangi unabeba tani 3 na kidogo. Ukijaza mzigo unabaki na mafuta ya saa tatu hivi, maana injini zinakula karibu tani moja kwa saa. Na hizo tani 24 ni za uwanja mzuri wenye hewa baridi. Goma mchana zinapungua tena, na jedwali la kitabu ndilo linalosema kwa kiasi gani.

Jedwali hilo haliwezi kujua kama magunia yamepimwa. Gunia la maharage linaloitwa "la kilo mia" huwa na kilo mia na ushee, na safari inaanza ikiwa imeshavuka uzito unaoruhusiwa. Tarehe 8 Januari 1996 mjini Kinshasa, An-32 iliyozidiwa uzito ilishindwa kuinuka ikapita mwisho wa njia hadi kwenye soko la Simbazikita, na mamia ya watu waliokuwa sokoni wakafa. An-32 ni ndugu wa An-26 aliyepewa injini kubwa zaidi kwa ajili ya joto na milima. Injini kubwa haikuokoa.

Kufunga mzigo ni nusu nyingine ya jambo hili. Mlango wa nyuma wa An-26 unateremka, na pia unaweza kuteleza chini ya tumbo ili lori lirudi kinyumenyume na kushusha moja kwa moja ndani. Ni rahisi sana, na urahisi huo unawafanya watu wapakie haraka bila nyavu za kutosha. Ndege ikiinua pua, kreti lisilofungwa linateleza kuelekea mkiani, pua inazidi kuinuka, na hakuna usukani wa kuirudisha. Uzito ukae kwenye alama zilizochorwa ukutani, minyororo ivutwe mbele na nyuma, na abiria wasiketi juu ya shehena.

Oili ya silinda za chini za An-2

An-2 iliruka mara ya kwanza tarehe 31 Agosti 1947 na bado ipo. Ina injini moja ya ASh-62IR, silinda 9 zilizopangwa kwa duara. Usiku, oili inachuruzika hadi kwenye silinda za chini. Asubuhi, kabla ya kuwasha, pangaboi lizungushwe kwa mkono mabapa kadhaa, swichi za cheche zikiwa zimezimwa. Likigoma, usilazimishe na usilirudishe kinyume, maana kinyume unaisukuma oili kwenye bomba la hewa ambako itakusubiri. Fungua plagi za chini za silinda za chini, oili imwagike, kisha rudia. Anayebonyeza starta bila hatua hiyo anakunja mkono wa pistoni, kwa sababu oili haibanwi kama hewa. Ikishawaka, silinda zifike nyuzi 120 kabla ya kuruka. Inapaa na kutua chini ya kilomita 100 kwa saa, lakini inakunywa petroli ya ndege karibu lita 180 kwa saa, na petroli hiyo ndiyo iliyoiondoa sehemu nyingi kuliko uchakavu.

Saa tatu zinazokimbia pamoja

Ndege ya Magharibi hukaguliwa, na kilicho kizima kinaendelea. Ya Kisovieti ilipewa umri tangu kuzaliwa, kwa saa tatu zinazokimbia pamoja: saa za kuruka, idadi ya kutua, na miaka ya kalenda. Yoyote ikifika kwanza, ndege inakwenda kiwandani kufumuliwa yote. Baada ya hapo ofisi ya usanifu inaweza kuongeza umri kwa barua, si karani wa uwanja wala fundi wa mtaani. Mpango huo ulifaa nchi moja yenye viwanda vyake vyote. Baada ya 1991, fremu (mwili wa ndege) ikawa chini ya Kyiv, injini chini ya Zaporizhzhia, na vifaa vingine chini ya Moscow. Tangu 2014, na zaidi tangu 2022, ofisi za Ukraine na za Moscow haziongei.

Matokeo yake ni ndege yenye saa chache za kuruka iliyokwisha miaka, au injini halali kwenye fremu isiyo halali. Kila kifaa kina pasipoti yake ya karatasi. Anayeipokea ndege aanze na namba iliyopigwa kwenye kifaa chenyewe, ailinganishe na pasipoti, kisha atafute mhuri wa matengenezo ya mwisho na tarehe yake. Hosi za mpira za haidroli nazo zina umri wa kalenda, zikitumika au zisitumike, na kwenye ndege iliyosimama muda mrefu juani hizo ndizo za kuinamia na tochi kwanza.